Uhusiano na Kaya Namba Kumi na Nne

Jumatatu ile, kabla sijamaliza hata chai yangu, kompyuta ilichagua nyumba ya mpenzi wangu.

Nasema kompyuta kwa sababu hapakuwa na binadamu wa kumlaumu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Katika utafiti wetu nyumba za kuhojiwa huchaguliwa kwa bahati nasibu, asije mtu akasema tumependelea. Namba zinachezeshwa hapa Gitega, Burundi, wenzetu wa Dar es Salaam na wa Ubelgiji wakishuhudia kwenye skrini, kisha orodha inatoka. Siku hiyo ilitoka orodha ya nyumba arobaini za Muyinga mjini. Niliishuka taratibu kwa kidole, andazi likiwa mkono wa pili, na kwenye mstari wa kumi na nne nikakuta jina la Nurmohamed, nyuma ya duka la vitambaa. Mwanamke wa umri wa kuzaa: mmoja.

Mwanamke huyo nilimjua bila kumwona. Ni Nausheen, mke wa Taki. Taki ni kaka yake Arif. Na Arif ndiye mtu niliyempenda kwa miaka miwili, bila mtu mwingine yeyote wa nyumba ile kujua kama nimezaliwa.

Andazi nikalirudisha kwenye sahani.

"Mbega, nani anajua mtu mu hii liste?" Madamu Theodosia aliuliza, na mbega yake ni ile ya Kirundi ya kuanzia swali. Huyu ndiye msimamizi wetu, mama wa Nyarusange asiyecheka kabla ya saa sita mchana. "Ajaze fomu. Inaenda Dar na Ubelgiji leo jioni. Na musinifiche kitu."

Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Je, unamfahamu mtu yeyote wa kaya hii? Kama ndiyo, eleza uhusiano wenu. Tulifundishwa kwa nini ipo. Sisi tunauliza mambo ambayo watu huyasema kwa kunong'ona: nani anaamua idadi ya watoto, mke anaweza kusema hapana bila nyumba kuwaka moto, nani anajua kwamba anatumia uzazi wa mpango. Katika utafiti mmoja wa zamani, mwanamke alimwambia mhojaji kwamba anachoma sindano kwa siri. Mhojaji alikuwa rafiki wa wifi yake. Wiki mbili baadaye mume alijua, na mwanamke yule hakurudi tena kliniki. Tangu siku hiyo fomu hujazwa kabla mtu hajabisha hodi.

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikampigia Arif.

"Mi niko na client," akasema kwa sauti ya chini. "Nakupigia sasa hivi."

"Usikate. Nyumba yenu imetoka."

"Imetoka wapi?"

"Kwenye orodha. Alhamisi tunakuja kumhoji Nausheen."

Nikasikia mtu anauliza bei ya kitambaa cha pazia na hajibiwi.

"Bon," akasema. "Iko shida gani? Mama anapendaka wageni."

"Kuna fomu, Arif. Inauliza uhusiano wangu na nyumba yenu. Niandike nini?"

"Andika we ni client. Si ulinunuaka kitambaa kwetu?"

"Nilinunua kitambaa mara moja. Nimekupenda miaka miwili."

Sikutaka kulisema hivyo, likatoka. Arif akashusha pumzi ndefu, na nilijua bila kumwona kwamba anakuna nyuma ya shingo kama kawaida yake akibanwa.

"Mi najua, Martha. Lakini ile karatasi, nani ataisoma?"

"Madamu Theodosia. Dar es Salaam. Ubelgiji."

"Donc inchi tatu zitajua mbele ya mama yangu."

"Hilo si kosa la nchi tatu."

"Unipe muda kidogo. Mama iko na presha."

"Miaka miwili mama yako ana presha. Kila nikitaka nitajwe, presha inapanda."

"Martha wangu, sikia..."

"Martha wako wa wapi? Wako wa Muyinga, au wako wa Gitega tu?"

Nilisubiri mpaka nikaona nimejishusha vya kutosha, nikakata simu.

Nitawaambia jinsi nilivyompata mtu huyu, ili msinione mjinga kupita kiasi. Alikuwa akija Gitega kila Jumatano kuchukua mizigo ya duka. Jumatano moja nilikuwa natoka kutoa fotokopi ya madodoso yetu, upepo ukanipokonya karatasi, naye akazikimbilia barabarani bila kuombwa. Akiwa anazipanga alianza kusoma swali la ishirini na tatu kwa sauti. Swali la ishirini na tatu si la kusomwa barabarani. Alipofika katikati akaelewa anasoma nini, masikio yakamwiva, akanikabidhi karatasi huku anaangalia viatu vyangu. Jumatano iliyofuata alikuja tena kuniomba radhi. Iliyofuata akaja na sambusa. Mimi mtoto wa wakulima wa Gishubi niliyezaliwa Tanzania, yeye mtoto wa dukani anayefunga Ramadhani, na tulikuwa tunacheka mambo yale yale. Nilimpenda kwa haya yake. Sikujua kwamba haya hiyo hiyo itakuja kunichoma.

Nilirudi ofisini na hasira zangu, nikaandika kwenye fomu: Mteja wa duka.

Nilidhani nimemkomoa Arif. Madamu Theodosia aliichukua, akaisoma, akagonga mhuri.

"Client tu? Haina shida. Muyinga yote ni client wa hilo duka." Akaandika jina langu pembeni. "We ndiyo utahoji. Mwanamke wa hapo alitoka Mwanza, Kirundi hasikii muzuri. Kiswahili chako ni cha Tanzania, mutaelewana."

Nilipaswa kusema pale pale. Mdomo ulifunguka, nikaufunga tena. Kama angeuliza kwa nini sitaki, ningemjibu nini? Jumanne Arif alipiga mara sita, sikupokea. Jumatano alipokuja Gitega mpaka Yoba ninakopanga, nilimwomba mwenye nyumba amwambie nimesafiri, kisha nikamchungulia dirishani akiondoka. Alikuwa amekonda kwa siku mbili, au mimi ndiye nilitaka kumwona amekonda.

Alhamisi saa nne asubuhi gari letu lilisimama mbele ya duka.

Arif alikuwa nyuma ya kaunta anapima kitambaa. Aliponiona, mkono wake ulisimama hewani na kitambaa kikateleza kikaanguka. Tuliangaliana. Sijui kwa muda gani, lakini ulinitosha kusahau nusu ya niliyopanga kumwambia.

"Bonjour, madame," akasema. "Karibuni. Munatafuta nani?"

Madame. Mimi. Nilimwitikia kwa adabu kama mgeni.

Mama yake alitokea mlango wa nyuma, mama mfupi mwenye mtandio mweupe na miwani iliyofungwa uzi. Sugrabai, ambaye Muyinga nzima humwita Mama Taki. Alitukalisha kwenye benchi la duka, akaleta chai ya maziwa yenye tangawizi na bakuli la chevda, vile vitafunio vikavu vya pilipili, akatutazama tukila kwanza.

"Nyinyi ndiyo munaulizaka wake za watu mambo ya chumba?" akauliza.

"Ndiyo, Mama," Madamu Theodosia akajibu. "Na wanaruhusiwa kukataa."

"Mi hakuna mtu aliniulizaka." Aliivuta miwani chini. "Nilizaa sita. Wawili ndiyo wako hai, Taki na huyu." Akamwonyesha Arif kwa kidevu. "Mama mukwe alisema zaa, nikazaa. Docteur alisema pumzika, mama mukwe akasema docteur iko anajua nini. Sasa Nausheen, muulizeni. Muulizeni vizuri. Mi nitakaa huku, sitasikia kitu."

Nilikunywa chai ikaniunguza ulimi. Nilikuwa nimekuja tayari kumchukia mama huyu, kwa sababu kumchukia kungenirahisishia mambo, na sasa alikuwa ananiongezea chevda kwa mkono wake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nausheen alinisubiri chumba cha ndani. Msichana wa miaka ishirini na minne hivi, mwembamba, amejifunga khanga juu ya gauni. Alifunga mlango, akajaribu kama umefunga kweli, akakaa kitandani.

"Dada," akasema, "ni kweli mama mkwe hatasikia?"

"Hatasikia. Kwanza nakusomea karatasi hii ya ridhaa, kisha uamue mwenyewe kama unataka kuendelea."

Nilisoma. Unaweza kukataa swali lolote. Unaweza kusimamisha mazungumzo wakati wowote. Jina lako halitaandikwa. Maneno hayo nimeyasoma mara zaidi ya mia mbili, nayasoma hata ndotoni. Nikafika mstari wa nane: Anayekuhoji si ndugu wala rafiki wa mtu yeyote wa nyumba hii.

Nilisoma neno la kwanza, la pili likagoma.

"Endelea tu, dada," Nausheen akasema. "Mimi nimekubali. Kuna jambo hata Taki sijamwambia, limenikaa hapa." Aliweka mkono kifuani. "Tangu juzi nasema, bora anakuja mtu tusiyejuana naye. Nitalitua."

"Usiniambie," nikasema.

"Nini?"

"Usiniambie mimi. Nisamehe. Atakuja mwingine, mwambie yeye. Mimi sistahili kulisikia."

Alinitazama kwa hofu, akidhani amekosea. Nilimshika mkono nikamwambia kosa ni langu na ni la kwenye karatasi, yeye hana lolote. Kisha nikafungua mlango nikatoka.

Dukani walikuwa vile vile. Madamu Theodosia na Mama Taki kwenye benchi, Arif kaunta, anakata kitambaa ambacho sikuona nani amekiagiza.

"Umemaliza?" Madamu Theodosia akatazama saa.

"Sijaanza. Madamu, nimeandika uongo kwenye fomu. Mimi si mteja."

Aliweka kikombe chini. "Donc we ni nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kulisema. Nililitaka litoke miaka miwili nzima, na mtu wa kulisikia alikuwa ameketi hapo na bakuli lake mapajani. Lakini halikuwa langu peke yangu. Ningelisema mimi, lingekuwa kama nimemvua mtu nguo mbele ya mama yake.

"Kuna uhusiano," nikasema. "Siwezi kuueleza peke yangu. Lakini yule ndani siwezi kumhoji."

"Unajua kama Dar wanaweza kukutoa kwa kazi?"

"Najua, Madamu."

"Na hausemi?"

"Sisemi."

Mkasi ulikuwa umenyamaza. Sikugeuka. Nilikuwa natazama sakafu ya duka, na ndani ya moyo nilikuwa nasema sasa, Arif, sasa au basi.

"Madamu," Arif akasema. "Andika mchumba."

Madamu Theodosia, ambaye hajawahi kukosa neno tangu nimjue, alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatoa kalamu na nakala ya fomu.

"Mchumba ya nani?" Mama Taki akauliza.

"Yangu, Mama."

"Ya kwako."

"Ndiyo, Mama. Yangu."

"Tangu lini?"

"Miaka mbili."

Mama Taki alihesabu Jumatano zote kichwani. "Kila mercredi," akasema polepole. "Kila mercredi Gitega. Unarudi saa moja jioni unasema camion ya mizigo ilichelewa."

"Haikuchelewaka sana, Mama."

Ningecheka kama nisingekuwa karibu kulia. Mama Taki alinigeukia. Macho yake nyuma ya miwani yalikuwa makubwa, na sikuona ndani yake kitu chochote cha kunisaidia.

"Jina yako?"

"Martha, Mama Taki. Binti Kasiano, wa Gishubi."

"We iko mutu wa kanisa."

"Ndiyo."

"Na kazi yako ni kuuliza wanawake wa watu hivi vitu."

"Ndiyo, Mama Taki."

"Wakubwa wa kwetu watasema, Sugrabai alishindwa na mtoto. Dada zangu watasema." Alimrudia Arif, na hapo sauti ikavunjika kidogo. "Watasema, mi nitawajibu, nimeishi nao. Lakini we. Madamu huyu anajua mbele yangu. Watu wa Ubelgiji watajua. Mi niko mama mubaya namna gani, mpaka niko wa mwisho?"

"Niliogopa presha yako, Mama."

"Presha yangu inapandaka na kufichwa."

Arif alizunguka kaunta, akapiga magoti mbele ya benchi, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, mlango wa duka ukiwa wazi na watu wanapita. Mama yake alimwacha hapo muda, kisha akamtoa uzi wa kitambaa uliomganda begani.

Madamu Theodosia alikohoa. "Fomu imejazwa. Martha, signature hapa. Kwa Nausheen nitaingia mi mwenyewe. Kiswahili yangu iko mubaya, tutaelewana hivyo hivyo." Alisimama akachukua madodoso. "Na barua ya onyo utaipata Gitega. Dar wataamua. Usifikiri nimesahau."

"Sijafikiri, Madamu."

Nilitia sahihi, nikachukua mkoba wangu ili niende nikasubiri garini. Sikuona kama nina haki ya kukaa zaidi.

"We unaenda wapi?" Mama Taki akauliza. "Keti. Huyo anauliza ndani, mi nitauliza huku."

"Mama," Arif akasema, bado amepiga magoti, "anaruhusiwa kukataa kujibu."

"Kwa Madamu anaruhusiwa. Kwangu, oya, hapana."

Nilikaa. Alinijazia kikombe tena, akachukua muda wake kuchagua swali. Nilijiandaa kwa dini. Nilijiandaa kuulizwa watoto wataitwa nani na watasali wapi, na kila jibu nilikuwa nimelipanga usiku baada ya usiku.

"Baba yako anajua juu ya Arif?"

Hilo sikulipanga.

Baba yangu ni mzee wa kanisa. Alitutoa Tanzania na kutuleta Gishubi mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu, na kila kitu anachonitakia amekisema wazi. Kila nikienda nyumbani nilijiambia nitamweleza. Mara ni wakati wa kuvuna maharage, amechoka. Mara ana wageni. Mara mvua haijanyesha na hana raha. Nilikuwa nimempigia Arif hesabu ya woga wake kila Jumatano, na wa kwangu sikuwahi kuutaja hata kwa kujiuliza.

"Hapana, Mama Taki," nikasema. "Hajui."

Arif alinyanyua uso. Alinitazama, nikaona ameumia, na nikaona pia, chini ya maumivu, tabasamu analojaribu kulimeza. Uso ukapata moto mpaka masikioni.

"Haukuniambiaka," akasema taratibu.

"Hukuniuliza."

"Mi nilifikiri kwenu wote wanajua. Nilikuwa naona haya peke yangu."

"Nisamehe, Arif. Nilikusema sana."

"Ulinisema," akakubali.

Mama Taki alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine. Sitasema alifurahi, kwa sababu hakufurahi, na ilimchukua muda mrefu kufurahi. Lakini alikuwa amekaa vizuri zaidi kwenye benchi, na bakuli la chevda alilisogeza katikati yangu na yake.

"Piga," akasema.

"Sasa hivi, Mama Taki?"

"Mi nimejulia mu duka, mbele ya watu. Yeye iko na bahati, atajulia kwa simu."

Nilitoa simu. Vidole vilikosea namba ambayo naijua tangu shule. Arif alisimama, akaja kukaa benchini upande wangu wa kushoto, pale mbele ya mama yake na mbele ya mlango wazi, karibu kiasi kwamba mkono wa shati lake uligusa wangu. Miaka miwili hatukuwahi kukaa hivyo Muyinga. Moyo wangu ulijaa, nikasahau hata kuogopa, mpaka simu ilipopokelewa.

"Martha?" sauti ya baba yangu ikasema. "Mbona saa hizi? Uko salama?"

"Niko salama, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Uko kazini?"

"Niko Muyinga, Baba." Nilimeza mate. "Niko nyumbani kwa mchumba wangu. Nimekaa na mama yake."

Nilisikia mbuzi, nikasikia mama yangu anauliza ni nani, nikasikia hajibiwi.

"Baba, uko hapo?"

"Nipo," akasema baba yangu. "Huyo kijana yuko karibu?"

"Yuko hapa hapa."

"Mpe simu."

Nilimgeukia Arif, nikamkabidhi simu, naye akasimama wima kabla ya kuiweka sikioni.